Kipimo cha Uchungu wa Maji

Hotuba iliyotolewa Nakuru mbele ya wanafunzi wa vilabu vya wanyamapori, walimu na wazazi wao, na vijana wanaoongoza watalii

Walimu wetu, wazazi, ndugu zangu mnaoongoza watalii, na ninyi wanafunzi mliobanana mpaka mlangoni, hamjambo nyote?

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie maajabu ya asili duniani. Mada kama hiyo mtu anaweza kuimaliza kwa kutaja majina tu, mlima huu, maporomoko yale, mnyama wa kisiwa fulani, kisha akapigiwa makofi akaenda zake. Naomba ruhusa yenu nisifanye hivyo. Nimechagua kitu kimoja, na nimekichagua kwa sababu kiko hapa hapa, ukitoka ukumbini na kuteremka: maji yasiyonyweka. Maji ya magadi na ya chumvi, machungu, yasiyofaa kwa chai wala kwa kumwagilia sukuma wiki.

Wengi wakiyaona maji ya namna hiyo husema pale hakuna kitu. Kazi ya kuongoza wageni kando ya Ziwa Nakuru imenifundisha kinyume. Viumbe wanaonishangaza kuliko wote wanaishi mahali ambapo maji ni makali, na kila mmoja wao amezoea kipimo chake cha ukali huo. Kipimo kikishuka anahama au anakufa. Kikipanda, hali ni hiyo hiyo. Hilo ndilo nililokuja kusema, na nitakapowapeleka Tanzania, Marekani na Bolivia bado nitakuwa nalisema hilo.

Tuanze na heroe, au flamingo kama tunavyomwita mjini, maana wengi wetu tuliomo humu tumesomeshwa na ndege huyo. Mgeni alilipa kiingilio ili amwone yeye, akalala hotelini, akapanda gari letu, na karo ikapatikana.

Walio wengi kwetu ni heroe mdogo. Mara nyingine mkiwa karibu naye msikimbilie picha, mtazameni anavyokula. Anashusha shingo mpaka kichwa kinapinduka, taya ya juu inakaa chini na ya chini inakaa juu. Hauzamishi mdomo. Anaupitisha juujuu ya maji, kushoto na kulia, huku akipiga hatua za polepole. Ndani ya mdomo ulimi mnene unakwenda mbele na nyuma mara nyingi kila sekunde, unavuta maji na kuyatoa, na kingo za mdomo zina safu za vichujio vyembamba mno ambavyo vinabakiza mwani na kuachilia maji. Mwani wenyewe huuoni mmoja mmoja kwa macho. Unachoona ni ziwa limekuwa zito na la kijani. Ni spirulina, huo huo unaouzwa madukani siku hizi kwa unga na vidonge. Rangi ya waridi ya heroe inatoka humo. Kifaranga wake huanguliwa akiwa wa kijivu.

Spirulina nayo ina masharti yake. Katika maji baridi ya kawaida inazidiwa na mimea mingine na kupotea. Inashamiri penye magadi mengi, ambapo washindani wake wameshindwa kuishi. Kwa hiyo ukitaka heroe unataka spirulina, na ukitaka spirulina unataka maji machungu. Wataalamu hupima ukali huo kwa pH. Maji safi yana 7, maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa hufika 10 na zaidi, na kila hatua moja katika kipimo hicho ni mara kumi ya iliyo chini yake. Fanyeni hesabu wenyewe: kutoka 7 hadi 10 ni mara elfu.

Magadi hayo hayakumwagwa na mtu. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inateremka kutoka miinuko ya Mau ikipita kwenye mawe na majivu ya volkano za zamani, ikiyeyusha chumvi zake kidogo kidogo. Inaingia ziwani, na hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji yanaondoka kwa njia moja tu, jua linayakausha, na magadi yanabaki. Hivyo ziwa letu ni daftari la kila kitu kilichowahi kuteremka huko, kizuri na kibaya, na hesabu yake haifutiki.

Sasa niseme lile linalowasumbua waongoza watalii kila siku. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limefura. Lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 40 hivi. Miaka kumi baadaye lilikuwa limepita 60. Lango kuu la mbuga lilifunikwa na maji, pamoja na ofisi. Familia za mtaa wa Mwariki zilihama nyumba zao wenyewe, na wengine wenu mko humu ndani. Migunga iliyokuwa ukingoni ilikufa imesimama, na mnaiona mpaka leo, vigogo vyeupe katikati ya maji na minandi wakikausha mabawa juu yake. Mvua zilizozidi katika vyanzo vya mito ndiyo sababu kubwa inayotajwa, na ardhi ya Mau iliyopoteza miti inayateremsha maji hayo upesi zaidi, pamoja na udongo.

Mtu akisikia ziwa limejaa anafurahi. Maji ni uhai, tumelelewa tukisema hivyo. Lakini maji ya mvua yakiingia kwa wingi yanaupunguza uchungu, spirulina inapungua, na heroe anakosa chakula katikati ya maji tele. Ndiyo maana mgeni wako anauliza, "Wale ndege wako wapi?" Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulitazama kwa setilaiti maziwa 22 ya magadi, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya hadi Tanzania, kwa muda wa zaidi ya miaka 20. Ulikuta jambo lilelile: kina kilipopanda, mwani ulipungua, na maziwa yetu mashuhuri ndiyo yaliyoumia sana. Ndege hawa huenda wakalazimika kutafuta riziki mahali ambapo hakuna mbuga wala askari wa kuwalinda.

Kuna kisa kingine cha kipimo katika ziwa hili hili, na wazee mnakikumbuka. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 waliletwa hapa samaki wadogo kutoka Ziwa Magadi ili wale viluwiluwi wa mbu. Kabla ya hapo Ziwa Nakuru halikuwa na samaki. Wale samaki wakazaana, na mwari wakafuata, makundi kwa makundi. Mpaka sasa mwari weupe hutaga kwenye visiwa vya mawe vya Ziwa Elementaita, jirani yetu, na kuruka kuja Nakuru kuvua. Ndege mkubwa kiasi kile, ambaye mgeni anadhani alikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia, tulimwalika sisi bila kujua, kwa kumpandikiza samaki wa urefu wa kidole.

Na samaki huyo anastahili hotuba yake peke yake. Kwao Magadi anaishi kwenye chemchemi za joto linalopita nyuzi 40, katika maji ya pH karibu 10. Wanafunzi wa biolojia, sikilizeni hapa. Samaki wa kawaida hutoa uchafu wa mwili kama amonia, unaopita kwenye mashavu na kuishia majini. Katika maji makali ya magadi amonia haitoki. Inarundikana mwilini na kumuua samaki. Huyu wa Magadi anaigeuza amonia yote kuwa yurea, kama afanyavyo binadamu, na kuitoa ikiwa katika hali hiyo. Ni yurea ile ile mkulima anayoijua katika mfuko wa mbolea. Wanasayansi walilichapisha jambo hilo mwaka 1989, na lilikuwa ajabu kubwa kwao, kwa kuwa samaki anayeishi majini daima na kutoa yurea tupu hakuwa amejulikana. Aliyewafundisha hayo ni samaki wa Kajiado, hapa Kenya.

Heroe wetu wanakula katika maziwa ya Nakuru, Bogoria na Elementaita. Mwaka 2011 maziwa hayo matatu yaliingizwa pamoja katika Urithi wa Dunia, na kwa haki. Lakini hawazaliwi hapa. Karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa Ziwa Natron, Tanzania, ng'ambo kidogo ya mpaka wetu wa kusini. Sehemu nyingine wanazozalia kwa uhakika zinahesabika kwa vidole: Etosha kule Namibia, Makgadikgadi Botswana, na chumvi za Kutch nchini India. Bwawa la Kamfers, Afrika Kusini, nalo lilikuwa mojawapo mpaka miaka ya karibuni.

Natron ni mahali pakali kweli. Juu yake umesimama Ol Doinyo Lengai, volkano ya pekee duniani inayotoa lava ya aina yake, yenye sodiamu na kaboneti nyingi. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya lava za kawaida. Inatoka nyeusi, nyepesi, inatiririka upesi, na ikishapata unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Magadi ya mlima huo yanaishia ziwani. Jua likikausha, juu ya tope hutanda ganda la magadi, na vijidudu vinavyopenda chumvi hulipaka rangi nyekundu.

Mwaka 1954 Leslie Brown, mtaalamu wa ndege aliyekuwa afisa wa kilimo hapa Kenya, aliona koloni la heroe katikati ya Natron na kuamua kulifikia kwa miguu. Ganda likawa linamkatikia. Kila hatua alizama kwenye tope la moto lenye harufu mbaya, na viatu vikajaa magadi. Alirudi bila kufika, na miguu yake ilikuwa imebabuka vibaya hata akalazwa hospitalini. Kilichomshinda yeye ndicho kinachomshinda fisi na mbweha. Heroe hujenga vichuguu vya tope mle ndani, akataga yai moja tu juu ya kila kichuguu, na lile tope linalochoma ndilo ukuta wake.

Hapo napo pana kipimo. Maji yakipanda sana, vichuguu vinazama na mayai yanaoza. Yakikauka sana, ganda linakuwa gumu kiasi cha kubeba mnyama, na fisi anaingia. Mwaka 1962 Natron ilifurika na heroe wakaenda kuzalia Magadi. Maji ya Magadi yalikuwa yamekolea kupita kiasi, na magadi yakaganda kwenye miguu ya vifaranga mithili ya pingu, mpaka wakashindwa kutembea. Watu walikwenda kuyavunja yale magamba, kifaranga kimoja kimoja, wakaokoa maelfu. Nawaza mara nyingi juu ya mikono ile. Heroe anaishi miaka mingi, na naamini baadhi ya vifaranga hao waliishia kuwa ndege waliopigwa picha hapa Nakuru nilipokuwa naanza kazi.

Mnaona basi kwa nini sikubali mtu aniambie kwamba mambo ya Natron ni ya Watanzania. Mwaka 2006 palitokea mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha kuvuna magadi kule. Wapenzi wa ndege wa nchi zote za Afrika Mashariki walipaza sauti, na mwekezaji akajiondoa mwaka 2008. Laiti kiwanda kile kingejengwa na ndege wakakimbia, hapa Nakuru tungebaki na ua safi, lango jipya na askari hodari wakilinda maji matupu.

Nataka sasa niwapeleke mbali, California nchini Marekani, kwa sababu huko kuna ziwa ambalo ni ndugu wa letu. Linaitwa Mono. Halina mto unaotoka, lina pH ya karibu 10, na lina chumvi mara mbili na zaidi ya bahari. Samaki hakuna. Kuna uduvi wa aina isiyopatikana penginepo, na kuna nzi.

Nitakaa kwa huyu nzi kidogo. Ni mdogo, mweusi, na ufukweni anajaa mpaka ardhi inasogea ukimkaribia. Anatembea mpaka kwenye maji na haachi kutembea. Anajishikilia kwenye jiwe kwa kucha zake ndefu na kuteremka juu yake hadi chini ya ziwa. Mwili wake wote una vinyweleo vingi vilivyopakwa nta, na akizama hewa inanaswa humo, ikamfunika kama shuka linalong'aa. Macho tu ndiyo yanayobaki nje ya povu hilo ili aone. Mle chini anakula mwani na kutaga mayai. Akimaliza anaachilia jiwe, povu linamrusha juu, naye anaibuka mkavu kabisa, anaruka. Mwaka 2017 watafiti wawili, Floris van Breugel na Michael Dickinson, walionyesha kwamba magadi ya Mono yanafanya iwe vigumu zaidi kwa mdudu kubaki mkavu. Nzi wengine wakitiwa katika maji hayo wanalowa na kufa. Huyu amezidisha vinyweleo na nta kidogo kuliko wenzake, na hiyo nyongeza ndogo imempa ziwa zima lisilo na samaki wa kumla. Wenyeji wa asili wa pale, Wakutzadika'a, walikuwa wakimvuna akiwa bado kwenye ganda lake, wakamkausha na kumla. Ninyi mliotoka Kakamega na Vihiga mnaosubiri kumbikumbi msimu ukifika, nadhani hamhitaji maelezo zaidi.

Mwaka 1941 jiji la Los Angeles, lililo mamia ya kilomita kutoka pale, lilianza kuchukua maji ya vijito vinavyoingia Mono. Hakuna aliyekwenda kumwaga sumu. Walichukua maji safi tu, kabla hayajafika. Ziwa likashuka zaidi ya mita 13 na chumvi yake ikakaribia kuwa maradufu. Uduvi na nzi wakaanza kuelemewa. Kisiwa walichozalia shakwe kikaunganika na nchi kavu mwaka 1979, na mbwa mwitu wadogo wa kule wakavuka kwa miguu na kula mayai. Ni Natron ile ile, ila huku mkausha maji alikuwa mtu.

Sikilizeni nani aliliokoa, maana hapa ndipo nawatazama ninyi wa viti vya mbele. Mwaka 1976 kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu walipiga kambi pale, wakahesabu ndege, wakapima chumvi, wakahesabu uduvi. Kabla yao takwimu za namna hiyo zilikuwa chache. Mwaka 1978 mmoja wao, David Gaines, na wenzake wakaunda kamati ya kulitetea ziwa. Wakazunguka kuzungumza na watu, kama hivi tunavyofanya, na kesi ikaenda mahakamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba serikali ina dhamana ya kulinda ziwa kwa niaba ya umma, na mgao wa maji uliokwisha kutolewa unaweza kufikiriwa upya. Mwaka 1994 jiji likaamriwa liache maji ya kutosha yateremke mpaka ziwa lipande hadi kimo kilichotajwa. Halijafika bado. Lakini halikufa, na lilielekea kufa. Hoja iliyosimama mbele ya majaji ilijengwa juu ya madaftari ya vijana waliokuwa wakihesabu ndege.

Turudi nyumbani, upande wa magharibi, maana nimeona basi la Trans Nzoia hapo nje na sitaki wageni wetu waondoke bila kutajwa. Kwenu tatizo ni la upande wa pili. Mlima Elgon unapata mvua nyingi, na mvua hiyo imeosha chumvi kutoka kwenye udongo. Majani ni mengi, sodiamu ni haba. Ndovu wa Elgon wamepata jibu lao: wanaingia ndani ya mlima.

Pango la Kitum linakwenda ndani mita 200 hivi. Ndovu huingia usiku, wakifuatana, mama na watoto, na wakishapita mwanga wa mdomo wa pango hawaoni chochote. Mkonga unapapasa sakafu mbele ya kila hatua. Mle ndani kuna ufa mrefu, na wapo ndovu wachanga waliotumbukia humo wakafa, kwa hiyo mama hutembea karibu sana na mtoto. Wakifika ukutani wanauchimba kwa pembe, jiwe linamomonyoka, wanalisaga kwa magego na kulimeza kwa ajili ya chumvi iliyomo. Mtu akisimama nje akanyamaza anasikia jiwe likivunjwa gizani. Alama za pembe ziko ukutani kutoka sakafu hadi mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, za vizazi kwa vizazi, na wachunguzi wanaamini kwamba sehemu kubwa ya pango imepanuliwa na ndovu wenyewe. Nyati na pongo nao huingia kulamba. Watu wa mlimani wamechukua jiwe hilo hilo kwa ajili ya mifugo yao tangu zamani.

Majangili wa miaka ya 1970 na 1980 waliwaua wengi wa ndovu hao, na ujuzi wa njia ya gizani haumo kwenye damu. Mtoto anaupata kwa kumfuata mama yake. Kila kundi lililouawa liliondoka na sehemu ya ramani. Vijana wa Trans Nzoia na Bungoma, duniani kote hakuna ndovu wanaojulikana kwa kuchimba chumvi gizani kuliko hawa wenu, na bado nakutana na wageni waliofika Kitale wakarudi bila kuambiwa kwamba mlima ule una ndovu.

Ya mengine nitayapita haraka. Katika visiwa vya Galápagos, kwenye Bahari ya Pasifiki, kuna mjusi mkubwa anayepiga mbizi baharini kula mwani, mjusi pekee duniani anayetafuta chakula chake baharini. Anakunywa chumvi nyingi kuliko mwili unavyoweza kubeba, hivyo ana tezi zinazoikusanya, naye huipiga chafya kupitia puani. Paji lake la uso mara nyingi limeganda chumvi nyeupe. Njaa ikija, bahari inapopata joto la El Niño, mwili wake hufupika, mifupa ikiwemo, na chakula kikirudi hurefuka tena.

Bolivia ina Salar de Uyuni, tambarare ya chumvi ya zaidi ya kilomita za mraba 10,000 kwenye kimo cha mita 3,650 hivi. Mvua ikinyesha, maji ya kina cha kifundo cha mguu yanatanda juu yake na mbingu inaonekana mara mbili. Kusini yake, juu zaidi, liko ziwa jekundu liitwalo Laguna Colorada, makao ya flamingo wa James, ndege aliyedhaniwa ametoweka mpaka alipoonekana tena katika miaka ya 1950. Chini ya chumvi za eneo lile la Andes kuna lithiamu, ile ya betri za simu zilizomo mifukoni mwenu. Katika Salar de Atacama, upande wa Chile, lithiamu inavunwa kwa kusukuma maji ya chumvi kutoka chini, na utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba aina mbili za flamingo wamepungua pale. Simwambii mtu atupe simu. Nasema ndege yule na wa kwetu wanakula kwa namna moja na wanategemea ukali wa maji kwa namna moja.

Na mpaka wa uhai upo pia. Dallol, kaskazini mwa Ethiopia, zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, kuna mabwawa ya rangi ya manjano na kijani ambayo yana chumvi, asidi na joto vyote kwa pamoja. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba katika yale makali zaidi hawakukuta kiumbe chochote kinachoishi, hata kijidudu. Mahali pazuri mno kwa macho, na patupu kweli. Hapo tu ndipo neno "hapana kitu" lina haki ya kutumika.

Nimalizie na kazi, maana sikuja kusifu ndege tu.

Kwa waongoza watalii: msimdanganye mgeni. Akiuliza heroe wako wapi, mwambieni ukweli wa maji yaliyopanda, kisha mpelekeni Elementaita au Bogoria wakiwepo huko. Mgeni akielewa kwamba ndege huyu anahama kutoka ziwa hadi ziwa hakasiriki, anauliza maswali. Na mwonyesheni samaki wa Magadi na mwari wake. Hicho ni kisa cha Nakuru, msikiache kwa watu wa vitabuni.

Kwa wazazi na wenye maduka: mitaro yetu yote inateremka upande mmoja. Mvua ya kwanza ikinyesha, chupa, mifuko na mafuta ya gereji huishia mahali pasipo na mlango wa kutokea. Nimekwisha kusema ziwa hili halifuti hesabu. Mtaa unaoweza kuweka wavu kwenye mdomo wa mtaro wake na kuusafisha kila Jumamosi uanze bila kusubiri kauli ya ofisi yoyote. Tujue pia kwamba mti unaopandwa juu kule Njoro, kwenye kingo za mto, unalisaidia ziwa kuliko unaopandwa hapa chini kwa ajili ya picha.

Kwa wanafunzi. Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa katika maziwa ya Bonde la Ufa. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa na wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hufanya kazi hiyo pamoja na watu wa kujitolea. Si kazi ngumu kujifunza. Unachagua sehemu ya kundi, unahesabu ndege mia moja kwa makini mpaka jicho lizoee ukubwa wa mia, kisha unaona ni mia ngapi zinazoingia katika kundi zima. Mnafanya wawili wawili, mmoja anahesabu, mwingine anaandika, halafu mnabadilishana na kulinganisha. Nimewaomba walimu wenu kwamba kila klabu iwe pia na daftari la maji: mara moja kwa mwezi, mahali pale pale, pH ya maji, kimo cha maji kwenye nguzo iliyowekwa alama, na idadi ya ndege mnaowaona mkiwa mmesimama hapo. Msiruke mwezi. Mkikuta hakuna ndege, andikeni sifuri, kwa sababu sifuri nayo ni habari.

Vipimo vya pH vya karatasi viko kwenye meza ile ya kando ya mlango, pamoja na karatasi za kujiandikisha kwa hesabu ya Januari. Kila klabu itume wawili sasa hivi waje wachukue, kisha nitajibu maswali. Asanteni sana.